Hayaliwi

Pakiti niliinunua Mtaa wa Rufiji, duka la pembejeo,
katikati ya dawa ya kupe na mbegu za nyanya.
Elfu mbili na mia tano. Picha ya mbele imenona:
ua jekundu, pana kama kisosi,
na nyuma maelezo ya lugha nisiyoijua,
herufi zimejikunja kama minyoo.
"Zinia," alisema muuzaji. "Hizi hata mtoto anaotesha."
Nikamwamini. Mimi ni mtu mzima.

Miaka kumi na tisa nimekata tiketi kivukoni Kamanga.
Vidole hivi vinaijua karatasi,
noti mbovu vinaitambua gizani kwa kuigusa tu;
udongo havijawahi kuujua.
Na huku juu Mabatini, udongo wenyewe uko wapi?
Nyumba imekaa juu ya jiwe, choo kimekaa juu ya jiwe,
jiwe limekaa juu ya jiwe jingine, halafu Mungu.
Nilimlipa Masalu anipandishie ndoo sita za udongo wa bondeni.
Alifika akihema.
"Mama Holo, unapanda mchicha?"
Maua.
"Yanaliwa?"
Hayaliwi.
Akatua ndoo, akanitazama
kama abiria aliyepanda kivuko kisicho chake.

Nilipanga makopo ya rangi kumi na moja, kando ya ukuta.
Mbegu nikazimimina kiganjani: za kijivu, bapa, nyepesi,
ncha za mishale ya vita vya sisimizi.
Nikashusha pumzi, pumzi ikapeperusha nne.
Zilizobaki nikazizika. Nasema nikazizika:
kidole kizima, hadi kwenye pete,
nikashindilia kwa ngumi,
nikamwagilia asubuhi, mchana,
na usiku nikiamka kwenda msalani.

Siku ya tano, kimya.
Siku ya tisa nilifukua moja niitazame.
(Usifanye hivyo.)
Siku ya kumi na mbili udongo ukaota ukungu mweupe,
na kuku wa Nkwimba wakaja kumalizia.
Makopo kumi nikayamwaga kule chini,
kwenye ufa kati ya mawe mawili,
pamoja na majivu na magamba ya sato.

Lakini kopo la kumi na moja! Kijani!
Majani mawili, kisha manne,
kisha shina lenye wekundu wa mbali.
Nikauzungushia mche wangu wavu wa dagaa uliochakaa,
nikiwakinga kuku, nikiwakinga pimbi,
wale wanaoota jua juu ya mawe kama wenye nyumba.
Wingu la wadudu lilipopanda kutoka ziwani
niliufunika kwa kanga yangu ya kanisani.
Nikauzungumzisha. Sioni haya.
Niliusimulia bei ya mkaa.
Wiki ya nne Nkwimba akachungulia juu ya wavu,
akaguna, akacheka hadi akakaa chini:
"Mama Holo, huu ni mchicha."

Tuliula jioni ileile. Mche mmoja, ukishaiva,
ni vijiko viwili. Kimoja chake, kimoja changu.
Ulikuwa mtamu, sitasema uongo.

Vuli ikaja, ikapiga mabati wiki nzima.
Asubuhi moja nashuka na jaa la majivu,
na pale kwenye ufa, hapana wavu, hapana kanga,
hapana aliyepiga soga wala aliyeleta maji,
limesimama.
Si jekundu kama la picha.
Ni rangi ya jaketi okozi,
zile tulizokuwa tukizihesabu alfajiri kabla ya safari ya kwanza,
na kila mara ikipungua moja.
Upande mmoja limeng'atwa:
pimbi ameonja. Pimbi hakuuliza.

Nilisimama na majivu yangu, nisijue nimwage wapi.
Masalu akatokea na ndoo ya maji ya mtu begani.
"Ndilo lile lisiloliwa?"
Ndilo.
Akatua ndoo. Akachuchumaa.
Huko juu mtu akaita, mara ya kwanza, mara ya pili,
anataka maji yake.